Mtafiti au jasusi? Kifo cha Giulio Regeni na mzigo wanaobaki nao wenyeji



Mtaani kwetu akionekana mzungu anazunguka na daftari, anauliza wamachinga wanaingiza shilingi ngapi kwa siku na nani anawakusanya ushuru, haziishi dakika tano utasikia mtu anasema, "Huyo usalama huyo, anapeleka habari kwao." Watu wanacheka, biashara inaendelea. Leo nataka tuongelee mahali ambapo maneno ya namna hiyo hayakuishia kwenye utani. Yalimtoa mtu roho.

Mtu mwenyewe ni Giulio Regeni, Mtaliano, mzaliwa wa Januari 1988. Alikuwa anasoma PhD Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Septemba 2015 akaenda Cairo, Misri, kufanya utafiti wake. Mada yake haikuwa mabomu, wala mafuta, wala kambi za jeshi. Alikuwa anatafiti vyama huru vya wafanyakazi, na hasa chama cha wauza bidhaa barabarani. Yaani wamachinga wa Misri, kwa lugha yetu.

Jioni ya tarehe 25 Januari 2016, kama saa mbili kasorobo hivi, alitoka anapoishi eneo la Dokki ili apande treni ya chini ya ardhi akakutane na rafiki yake katikati ya mji. Hakufika. Tarehe 3 Februari maiti yake ikakutwa kando ya barabara ya jangwani inayotoka Cairo kwenda Alexandria, imejaa alama za mateso. Mama yake alisema uso ulivyoharibiwa, alichomtambulia mwanawe ni ncha ya pua tu. Alikuwa na miaka 28.

Sasa tujiulize, mwanafunzi anayehesabu meza za wamachinga anageukaje kuwa adui wa taifa? Mimi naona mambo matatu yalikutana.

KWANZA, TAREHE

Tarehe 25 Januari kwa Misri si siku ya kawaida. Ndiyo siku maandamano makubwa yalipoanza mwaka 2011, na siku 18 baadaye Rais Hosni Mubarak akaachia ngazi baada ya miaka karibu 30 madarakani. Mwaka 2013 jeshi chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Sisi likamng'oa Mohamed Morsi, rais aliyechaguliwa. Mwaka huohuo ikatoka sheria kali ya kudhibiti maandamano. Kwa hiyo Januari 2016, ikiwa miaka mitano kamili tangu mapinduzi ya umma, serikali ilikuwa macho kodo. Polisi walikuwa wamejaa barabarani na nyumba za katikati ya mji zilikuwa zinapekuliwa. Nchi ikiwa kwenye hali hiyo, kila sura ngeni inaonekana ina jambo. Regeni hakupotea siku yoyote tu, alipotea siku ambayo dola ya Misri inaiogopa kuliko zote kwenye kalenda.

PILI, WATU ALIOKUWA ANAWATAFITI

Wengine mtasema, wamachinga wana nini cha kutisha? Hebu kumbukeni moto wa nchi za Kiarabu ulianzia wapi. Tarehe 17 Desemba 2010 kule Tunisia, kijana Mohamed Bouazizi, muuza matunda wa mkokoteni, alijichoma moto baada ya kunyang'anywa bidhaa zake na mgambo wa mji. Wiki nne baadaye Rais Ben Ali alikuwa kwenye ndege anakimbia nchi. Muuza matunda mmoja! Hakuna serikali ya ukanda ule iliyosahau hiyo.

Na vyama vya wafanyakazi Misri ndivyo vina historia zaidi. Tangu mwaka 1957 lilikuwepo shirikisho moja tu linalotambuliwa, na lilikuwa mikononi mwa serikali. Desemba 2006 maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Mahalla wakagoma bila baraka za shirikisho hilo, na tarehe 30 Januari 2011, katikati ya vurugu za Tahrir, vikundi vya wafanyakazi vikatangaza shirikisho lao huru. Wamachinga nao wakaanza kujipanga. Agosti 2014 serikali ikawaondoa kwa nguvu kwenye mitaa ya katikati ya Cairo na kuwapeleka pembeni. Tunaijua stori hiyo, maana na sisi tumeshaona meza zikivunjwa alfajiri.

Kwa hiyo mtu anayekaa na wamachinga na kuandika nani ni kiongozi wao, wanawasilianaje, wana malalamiko gani, yeye anaona anaandika kitabu. Ofisa usalama anaona huyo anachora ramani ya maandamano yajayo. Daftari ni lilelile, ila macho yanayolisoma ni tofauti.

TATU, HELA

Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kulikuwa na taasisi moja ya Uingereza inayotoa ruzuku ya pauni 10,000 kwa miradi ya utafiti na ya kijamii. Regeni akamweleza kiongozi wa chama cha wamachinga, Mohamed Abdallah, kwamba fedha hizo zinaweza kuombwa. Hazikuwa mfukoni mwake, lilikuwa wazo tu. Lakini zibadilishe hizo pauni 10,000 kwa hela ya Misri, halafu zitaje mbele ya mtu anayeuza vitu barabarani. Unategemea atasikia "tuandike maombi"? Atasikia "hela zipo".

Januari 2016 Abdallah akakutana naye akiwa na kamera ya siri. Kwenye mazungumzo yale anamwomba Regeni hela kwa shida za kifamilia, na Regeni anamjibu kwamba fedha si zake na hawezi kuzitoa kwa matumizi ya mtu binafsi. Televisheni ya taifa ya Misri ilirusha video hiyo Januari 2017, na Abdallah mwenyewe alikiri kwenye vyombo vya habari kuwa ndiye aliyemripoti Regeni kwa vyombo vya usalama.

Wengi wakamwita msaliti. Mimi sitamtetea, lakini tuwe wakweli. Mtu maskini, anayeishi kwa huruma ya polisi wa mtaa wake, anakutana na mgeni anayetaja fedha za nje. Akinyamaza halafu usalama wajue wenyewe, anayelala ndani ni yeye, si mgeni. Dola inayotisha huwafanya raia wake kuwa wapelelezi bila hata kuwaajiri. Hicho ndicho kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya mbinu za utafiti wanavyofundishwa huko vyuoni.

SERIKALI ILISEMA NINI?

Mwanzo ofisa mmoja wa polisi alisema ni ajali ya barabarani. Mtu ana alama za mateso mwili mzima, eti ajali! Tarehe 24 Machi 2016 ikaja stori mpya, kwamba polisi wameua watu watano wa genge la kuteka wageni, na nyaraka za Regeni zimekutwa nyumbani kwa dada wa kiongozi wa genge. Waitaliano wakakataa. Baadaye rekodi za simu zikaonyesha kuwa huyo anayedaiwa kuwa kiongozi alikuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka Cairo siku Regeni alipopotea.

Aprili 2016 Italia ikamwita nyumbani balozi wake. Agosti 2017 ikatangaza kumrudisha, maana biashara ni biashara, na kampuni ya mafuta ya Eni ina mradi mkubwa wa gesi wa Zohr kwenye bahari ya Misri. Desemba 2020 mwendesha mashtaka wa Misri akafunga jalada, akisema hakuna ushahidi. Waendesha mashtaka wa Roma wao wakawashtaki maofisa wanne wa usalama wa Misri. Kesi ikakwama Oktoba 2021 kwa sababu washtakiwa hawakuwa wamepelekewa hati rasmi, na Misri ilikataa kutoa anwani zao. Septemba 2023 Mahakama ya Katiba ya Italia ikaruhusu kesi iendelee bila wao kuwepo, na ikaanza upya tarehe 20 Februari 2024, viti vya washtakiwa vikiwa vitupu. Miaka minane kutoka kifo hadi kesi kuanza kusikilizwa, na hapo aliyekufa ni raia wa nchi kubwa ya Ulaya mwenye serikali nyuma yake.

JE, WASIWASI WA UJASUSI NI UJINGA MTUPU?

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa pande zote, wadau. Wanaosema watafiti wa nje wengine ni majasusi hawakulitoa hewani. Mwaka 1919 mwanaanthropolojia Franz Boas aliandika kwenye gazeti la The Nation kuwa wanaanthropolojia wanne wa Marekani walifanya ujasusi wa vita wakijifanya wanatafiti. Kilichotokea? Chama cha wanaanthropolojia kikamwadhibu yeye aliyesema! Adhabu hiyo ilikuja kufutwa mwaka 2005, yeye akiwa kaburini tangu 1942. Miaka ya 1960 jeshi la Marekani lilifadhili mradi ulioitwa Camelot wa kutafiti chanzo cha maasi, hasa Amerika ya Kusini. Siri ilipovuja kule Chile, mradi ukafutwa Julai 1965. Na kuna ile ya Abbottabad, Pakistan, ambako CIA ilitumia kampeni ya chanjo kumsaka Osama bin Laden kabla hajauawa mwaka 2011. Baada ya hapo wahudumu wa chanjo ya polio, wengi wao akina mama wa palepale Pakistan, wakawa wanapigwa risasi.

Mnaona mchezo unavyokwenda? Jasusi anavaa koti la mtafiti au la daktari, anamaliza kazi yake, anaondoka. Anayekuja nyuma yake na koti halali ndiye anayeshambuliwa.

Watawala nao wameshajifunza kuutumia wasiwasi huo. Mei 2018 Matthew Hedges, mwanafunzi wa PhD wa Chuo Kikuu cha Durham, alikamatwa uwanja wa ndege wa Dubai akitoka kufanya utafiti kuhusu mambo ya usalama ya Falme za Kiarabu. Akawekwa ndani muda mrefu peke yake, na tarehe 21 Novemba akahukumiwa kifungo cha maisha kwa ujasusi kwenye kikao cha dakika chache. Tarehe 26 Novemba, siku tano tu baadaye, akasamehewa na kurudi kwao. Uingereza ilikana kuwa alikuwa mtu wao. Sasa kama kweli ni jasusi hatari wa kifungo cha maisha, unamwachia siku ya tano?

WANAOBAKI NYUMA

Haya yote yanajulikana kwa sababu ni wageni. Pasipo na kamera ni kwa wenyeji.

Wale watu watano waliouawa Machi 2016 kwa kuitwa genge walikuwa Wamisri. Ni nani anayekumbuka majina yao? Septemba 2017 Ibrahim Metwally, wakili Mmisri anayesaidia familia za watu waliopotea na aliyekuwa akifuatilia suala la Regeni, alikamatwa uwanja wa ndege wa Cairo akielekea Geneva kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, akasota mahabusu miaka. Yaani mtu anakwenda kusemea waliopotea, naye anapotelea uwanja wa ndege.

Na wewe kijana unayesubiri skolashipu, sikiliza hii. Patrick Zaki ni Mmisri aliyekuwa anasoma Bologna, Italia. Februari 2020 alirudi kusalimia nyumbani, akakamatwa uwanja wa ndege. Akakaa ndani mpaka Desemba 2021. Julai 2023 akahukumiwa miaka mitatu kwa sababu ya makala aliyoandika, halafu kesho yake akapewa msamaha wa rais. Ukisoma nje ukarudi kuitazama nchi yako, wapo watakaokuona kama mgeni mwenye daftari, tofauti ni kwamba huna ubalozi wa kukupigia simu. Nyumbani ndiyo palepale unapokamatiwa.

Tusogee huku kwetu. Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp wa Marekani na Zaida Catalán wa Sweden, waliuawa Kasai, Kongo, wakichunguza mapigano ya Kamuina Nsapu. Dunia nzima iliwalilia, na walistahili. Lakini hawakwenda peke yao. Alikuwepo mkalimani wao Mkongomani, Betu Tshintela, na madereva wa hukohuko. Fungua habari nyingi za wakati ule uone. Wale wawili wana picha, elimu na historia. Waliobaki wameandikwa "na Wakongomani waliokuwa nao". Kwisha.

Mashariki ya Kongo, mwaka 2019 watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa vyuo vya nje walianza kutoa mfululizo wa maandiko unaoitwa Bukavu Series. Humo watafiti wasaidizi wanaeleza wenyewe jinsi kazi inavyokwenda. Wao ndio wanaotangulia kwenye vijiji vyenye waasi, ndio wanaojua njia gani ipitwe na kamanda gani asalimiwe, ndio wanaotafsiri. Kitabu kikitoka, jina lao aghalabu halipo. Na kamanda akikasirishwa na kilichoandikwa, aliyeandika yuko Ulaya anakunywa kahawa. Anayetafutwa ni yule anayekaa mtaa wa tatu kutoka kambini.

KARATASI HAITOSHI

Wengine watasema, dawa ni kibali tu. Ni kweli, usifanye kazi bila kibali. Tanzania mtafiti anapitia COSTECH, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST, halafu unashuka na barua mkoani, wilayani, kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Anayeruka hatua hizo anawaweka wenyeji wake mahali pabaya.

Lakini tusidanganyane kuwa muhuri ni ngao. Julai 2018 hapa Tanzania, Twaweza walitoa matokeo ya maoni ya wananchi yaliyoonyesha waliomkubali Rais Magufuli kiutendaji ni asilimia 55, wakati mwaka 2016 walikuwa 96. COSTECH ikawaandikia barua kutaka maelezo kuhusu kibali, na mkurugenzi wao akachukuliwa pasipoti na Uhamiaji. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikakazwa, ikaja kulegezwa 2019. Swali la kibali liliibuka pale namba zilipouma. Hali ikiwa shwari kibali ni karatasi ya ofisini, hali ikichafuka kinaweza kugeuka kiboko.

Ndiyo maana mimi naona maswali ya muhimu ni ya mtu, siyo ya karatasi. Ukiitwa kuwa mtafiti msaidizi au mkalimani wa mgeni, na wengi wetu tuliomaliza shule bila ajira tutaitwa maana hela yake ni nzuri, muulize haya kabla hujapokea advansi. Majina ya tunaowahoji yanaandikwa wapi, na yakiangukia mkononi mwa polisi inakuwaje? Simu ya kazi ni ipi, ya kwako au yangu? Nikikamatwa, nani anamlipa wakili, na imeandikwa kwenye mkataba au ni ahadi ya mdomo? Wewe una bima na tiketi ya dharura, mimi nina nini? Nani ana haki ya kusema "leo hatuendi", na nikisema hivyo nalipwa siku yangu au nakatwa? Na hela za wafadhili zisitajwe kwa tunaowahoji mpaka ziwe zipo na zina utaratibu unaojulikana. Stori ya Cairo imetufundisha hilo kwa damu.

Mgeni anayekasirishwa na maswali hayo, mwache aende na mwingine. Anayeyajibu vizuri, fanya naye kazi kwa moyo mmoja.

Na vyuo je? Viache kutuma watu? Hapana, hapo sikubaliani na wanaosema kila nchi yenye fujo ifungwe kwa watafiti. Hicho ndicho hasa waliomuua Regeni wangependa. Wamachinga wa Cairo wakikosa mtu wa kuwaandika, kitakachobaki ni maelezo ya polisi tu kuhusu wao. Bila watu wa kuuliza, tungejuaje kilichotokea Kasai? Ninachosema ni kwamba hatari igawanywe kama kazi inavyogawanywa. Chuo kinachokubali mada ya mwanafunzi wake kiulize na usalama wa mwenyeji, si wa mwanafunzi peke yake. Na jina la mwenyeji likae juu ya kitabu kama anataka, au lifichwe kabisa kama anaogopa. Aamue yeye.

Wale maofisa wanne wa Misri hata wakihukumiwa, huenda wasione mlango wa gereza la Italia. Lakini mahakamani kule walau jina la aliyekufa linatamkwa. Ya wale madereva wa Kasai yatatamkwa wapi?

Nawasilisha. Kama umewahi kumfanyia kazi mtafiti wa nje, au wewe mwenyewe umefanya utafiti nchi ya watu hali ikiwa mbaya, tupe uzoefu wako kwenye maoni hapo chini. Usitaje majina ya watu wanaoweza kudhurika. Matusi nafuta.